Bei ya Chama, Toa Asilimia Kumi

Corey Pengelly alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa pale Hervey Bay, pwani ya Australia, mkononi tyubu ya krimu ya jua ambayo hakuwa na nia ya kuilipia, ndipo riziki ilipomwita kwa jina.

"Dola mia na sitini na tano?" bibi aliyekuwa mbele yake alikuwa akimuuliza mfamasia. "Kwa kichupa hiki? Mbona hata rangi ya kucha inauzwa kwenye chupa kubwa kuliko hii!"

"Ndiyo bei yake, Noeleen," mfamasia alijibu, kwa upole wa mtu aliyeulizwa swali hilohilo tangu afungue mlango. "Mafuta ya bangi hayamo kwenye dawa ambazo serikali inazichangia. Kila duka linajipangia."

"Na daktari naye kanikata sabini kwa kuongea naye kwenye simu. Hata sura sikuiona! Kamera yake ilikuwa inaangalia feni."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja wa nyuma akadakia kwamba dada yake yuko Maryborough, mwendo wa nusu saa tu, na kichupa hichohicho ananunua mia na thelathini. Mwingine akasema yeye anatumiwa kwa posta kutoka Brisbane, mia na kumi. Foleni ikaacha kucheka, ikaanza kunung'unika.

Corey hakucheka wala hakunung'unika. Mtu wa kawaida akisikia kitu kimoja kina bei tatu hukasirika. Corey husikia kengele za harusi.

Tumjue kidogo kabla hajaharibikiwa. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, meno yamepangika kama piano, na mdomo wake ungeweza kumuuzia samaki mwavuli. Nyumba yake ilikuwa gari la van lililoegeshwa karibu na ufukwe. Benki yake ilikuwa sanduku la barafu ndani ya hilo gari: chini ya bia, kwenye mfuko wa plastiki, zililala dola elfu sita, jasho la miaka miwili ya kukagua mapaa ambayo hayakuwa na tatizo mpaka yeye apande juu. Alikuwa anatafuta elfu kumi na tano nyingine anunue boti ya kupeleka watalii kutazama nyangumi. Baada ya hapo, alijiapia, angekuwa mtu mwaminifu, kwa sababu alisikia uaminifu wa nyangumi unalipa.

Nje ya duka akamkuta yule bibi anahangaika na kigari chake cha kutembelea. Noeleen Tuckwell, miaka sabini na minane, nyonga mbovu, nywele rangi ya zambarau, kifaa cha kusaidia kusikia kinapiga mluzi sikioni.

"Mama, samahani," Corey alisema, akishika kigari kwa heshima kama anashika jeneza la waziri. "Nimesikia walivyokufanyia humo ndani. Mimi siwezi kunyamaza. Mama yangu mzazi aliumwa mgongo hivyohivyo."

"Mimi ni nyonga, mwanangu."

"Ulianzia nyonga, ukapanda mgongoni. Mama, kuna chama. Ukijiunga, unalipa tisini tu, milele, duka lolote ununuapo."

Noeleen alimtazama kwa macho meupe ya kitoto, macho ya mtu ambaye angeweza kuuziwa daraja. "Tisini? Jamani! Njoo Ijumaa klabuni kwetu uwaambie na wenzangu. Tunashindania nyama."

Ijumaa Corey alikwenda amenyoa, kavaa shati jeupe. Klabu ilikuwa ya wazee wanaoviringisha matufe kwenye nyasi, lakini matufe ni kisingizio. Kazi hasa ni bia, umbea, na bahati nasibu ya nyama, ambapo mtu anaweza kununua tiketi za dola ishirini ili ashinde soseji za dola kumi na mbili na kurudi nyumbani kifua mbele. Wazee sitini walikuwa wamejaa ukumbini. Corey aliwahesabu kwa mpigo mmoja, akazidisha kwa ada ya kujiunga, dola mia mbili na hamsini kila kichwa. Elfu kumi na tano kamili. Nyangumi akaruka moyoni mwake.

Akamwaga sera. Akaeleza jinsi wagonjwa wanavyokamuliwa: sabini kwa daktari, mia na kitu kwa mafuta, na ya kurudia kila mwezi. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo siri ya tapeli mzuri. Uongo wake ni kama chumvi, kidogo tu, mwishoni. Ukweli ambao hakuusema ni kwamba mgonjwa mwenye cheti cha daktari anaweza kupiga simu mwenyewe maduka yote, bure, na kununua penye nafuu.

"Na msiniamini mdomo!" alisema. "Jaribuni kwanza. Nunueni dawa, nileteeni risiti, chochote kilichozidi tisini nakirudisha mimi, mkononi, taslimu!"

Hiyo ilikuwa chambo. Alipiga hesabu ya wazee watatu au wanne wa kuonjeshwa, kisha ada za ukumbi mzima, kisha vumbi la gari lake. Wazee wakapiga makofi. Na makofi, ndugu msomaji, yameua watu wengi kuliko papa. Corey akalewa nayo, ulimi ukamtoka:

"Na mkikuta bei ndogo kuliko yetu popote, naishinda kwa asilimia kumi!"

Ahadi hiyo kila Mwaustralia ameinyonya na maziwa ya mama. Imebandikwa kwenye maduka ya nyundo na misumari nchi nzima, na wenye maduka hawafilisiki, kwa sababu wateja wao ni watu wenye shughuli. Corey alisahau kwamba mstaafu hana shughuli. Mstaafu ana simu, ana kiti, ana siku nzima, na ataendesha gari hadi mji wa pili kufuata siagi iliyopungua senti arobaini.

"Natoa hoja tujiunge," alisema Noeleen, ambaye kumbe ndiye mweka hazina.

"Naunga mkono!" akajibu mzee mrefu wa pembeni, Athol Brusnahan, aliyewahi kuwa baharia wa jeshi.

"Ila kwa katiba yetu," Noeleen akaendelea, "kamati lazima ijaribu kabla ya kura."

"Kamati ni watu wangapi, mama?" Corey aliuliza akitabasamu.

"Kamati kuu ni saba."

Saba walizidi hesabu yake, lakini wangevumilika. Corey akakubali. Noeleen akamvuta ofisini, akafungua sefu, akamwonyesha bahasha zimejazana, nono, kila moja na jina la mwanachama.

"Unaona? Watu wameshaanza kulipa."

Corey akaona. Usiku ule aliota anapunga mkono kutoka kwenye boti.

Jumatatu alipofika klabuni, alikuta foleni imetoka mlangoni.

"Hawa wote ni kamati kuu?"

"Hapana, mwanangu. Hawa ni kamati ya nyasi. Wale kamati ya nyama. Wale wenye kofia ni kamati ya Krismasi."

"Krismasi? Mama, huu ni mwezi wa tano!"

"Ndiyo maana Krismasi yetu huwa nzuri."

Akalipa. Tabasamu lake lilibaki mahali pake, ila lilianza kuuma kwenye mataya. Na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenunua kwenye duka la bei nafuu. Kwa nini wajisumbue, wakati kizidicho tisini kina mwenyewe? Walinunua pale mlangoni pao, penye maegesho ya bure na biskuti.

Wiki ile ile Noeleen alimpigia. "Corey, mpenzi, habari njema! Gympie kuna duka linauza themanini, chupa zinazokaribia kuisha muda. Kwa hiyo bei yetu sasa ni sabini na mbili, siyo?"

"Ni... ni kwako wewe uliyeiona, mama."

"Wee! Ulisema bei ya chama. Chama si mimi peke yangu."

Akarudi kwenye sanduku la barafu. Bia sasa zilikuwa zinaelea. Zamani zilikuwa na kitu cha kulalia. Mara tatu aliwasha gari aondoke, mara tatu akaziona zile bahasha akilini, akazima. Ukishamlisha mbuzi kwa gharama hii, unamwachaje kabla hujamchinja?

Ndipo Athol alipokuja, anatembea taratibu kama manowari inaingia bandarini, akaweka risiti mezani.

"Soma, kijana."

Corey akasoma. Akaigeuza. Akaisoma tena. "Hapa pameandikwa sifuri."

"Sifuri. Mimi nilikuwa vitani. Daktari aliniombea kibali, idara ya askari wa zamani ikakubali kunilipia. Mfamasia kanipa chupa na 'siku njema'."

"Hongera, mzee wangu. Sasa tatizo ni nini?"

"Tatizo ni lako. Ishinde."

Ukumbi mzima ukageuza viti. Hata mashine ya bia ilionekana inasikiliza.

"Athol, kaka, siwezi kuishinda sifuri! Hiyo siyo bei, hiyo ni shukrani ya taifa!"

"Ulisema popote," Noeleen alikumbusha kwa sauti ya asali.

"Asilimia kumi ya sifuri ni sifuri!"

"Hapo umesema kweli," Noeleen akakubali. "Tusimwonee kijana wa watu. Natoa hoja: dawa ya mwanachama ni sifuri, na ile asilimia kumi iwe bia moja."

"Naunga mkono!" ukumbi ukanguruma.

Hoja ikapita. Corey alinyanyua mkono kupinga, katibu akamwambia asiye mwanachama hapigi kura.

Sasa akawa analipa chupa nzima, chupa kwa chupa, na bia juu. Aliuza paneli za sola za gari, akauza ubao wake wa kuteleza kwenye mawimbi, akauza jiko. Kila akidai kura ipigwe, akidi haikutimia: watatu wamekwenda kupiga kambi, mmoja katolewa mtoto wa jicho, mwenyekiti anaangalia wajukuu. Corey alikonda. Wazee, kwa upande wao, walinawiri. Waliokuwa hawalali walilala, na Noeleen aliacha kigari chake mlangoni, akawa anaviringisha tufe kama binti.

Mpaka ikafika mkutano mkuu. Wote sitini walikuwepo. Corey aliketi mbele, mfukoni ana noti moja ya dola tano na ufunguo wa gari.

"Hoja iliyo mezani ni kujiunga na chama cha Bwana Pengelly," mwenyekiti alisema. "Wanaokubali?"

Mikono sitini ikapanda. Corey alisikia machozi yanamjia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yalikuwa halisi. "Mungu awabariki," alisema. "Mama Noeleen, tufungue sefu?"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ada! Bahasha! Elfu kumi na tano!"

"Aa, zile? Zile ni akiba zetu za safari ya meli. Tunakwenda New Caledonia. Tulikuwa tumelipia vyumba vya chini visivyo na dirisha, lakini kwa hela ya dawa tuliyookoa, wote tumepanda vyumba vyenye roshani."

"Ulisema watu wameshaanza kulipa!"

"Si walikuwa wanalipa? Safari. Wewe hukuuliza wanalipa nini."

Corey alifungua mdomo. Ule mdomo ulioweza kumuuzia samaki mwavuli ulitoa pumzi tu, kama tairi.

"Basi... basi nilipeni ada sasa! Mmepiga kura! Mmejiunga!"

"Tumejiunga, na tutalipa," Noeleen alisema. "Hatudhulumu mtu hapa. Ila kuna kitu kidogo. Athol amepata chama kingine kinachofanya kazi hiyohiyo: kinapiga simu maduka yote ya dawa, kinamwambia mgonjwa penye nafuu. Ada yake ya kujiunga ni bure."

"Chama gani hicho?" Corey alinong'ona.

"Mimi na simu yangu," Noeleen alisema. "Nilianza siku ileile tuliyoonana. Sasa wewe utatuuzia bei gani?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi gatini. Corey alisimama, akamwinamia yule bibi kabisa, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hakimu yeyote.

"Ulijua lini?"

"Uliposhika kigari changu. Marehemu mume wangu aliuza magari mitumba Bundaberg miaka thelathini. Unadhani nilikuwa nyuma ya dawati napanga maua? Mtu akikushika hivyo, ujue anatafuta mfuko uko upande gani." Akampapasa shavu. "Ila meno unayo, mwanangu. Ungekuwa kijana wake wa mauzo, ungeuza sana."

Corey alitoka, akawasha gari, akashika barabara kuu ya kusini. Alijituliza kwamba bado ana gari, ana afya, na Queensland si jimbo pekee Australia. Alipovuka Gympie alianza hata kupiga mluzi.

Simu ikalia. Namba ngeni.

"Ni Corey?" sauti ya bibi, tamu, imejaa imani. "Naitwa Valmai, wa klabu ya matufe ya Childers. Noeleen ametupa namba yako, na ya gari lako. Anasema wewe ndiye kijana mwema unayerudisha hela za mafuta ya bangi. Sisi tuko mia na ishirini."

Akakata. Ikalia tena. Maryborough. Ikalia tena. Bundaberg, klabu mbili, zinagombana nani aanze.

Akaitupa simu kiti cha nyuma, akaingia kituo cha mafuta kuweka petroli ya ile noti ya dola tano. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika pampu, alipomwona babu mmoja mwenye fimbo anashuka kwenye basi la wastaafu lililoegeshwa pembeni. Babu akalisoma gari lake namba ya mbele, akalisoma namba ya nyuma, uso ukamchanua. Akageuka, akawapungia wenzake waliokuwa bado ndani.

"Shukeni!" aliita. "Ni yeye!"

Na huku anamsogelea, polepole, anatabasamu, akaanza kupapasa mfuko wa shati, ambamo risiti ilikuwa inachungulia.