Mama Mkwe Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Imekubaliwa! Picha yangu itatundikwa kwenye jumba la sanaa, pamoja na za watu wanaovaa skafu kwenye joto. Mimi, mpiga picha za pasipoti na vitambulisho! Msimamizi wa maonyesho, yule mama wa miwani mikubwa, kanipigia simu na kusema picha yangu ina ukweli usio na haya. Nikamshukuru. Sikuuliza maana yake.

Nimeiita "Mapumziko". Mwanamke kalala kwenye kochi, mdomo wazi, miwani imehamia shavuni, kiatu kimoja mguuni, rimoti kaikumbatia kama mtoto mchanga. Mwanamke huyo ni mama mkwe wangu. Hajui. Wala hana haja ya kujua. Yeye na majumba ya sanaa wapi na wapi?

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Mke wangu kamwambia mama yake kwamba nimekuwa msanii. Mama mkwe kasema atakuja Ijumaa siku ya ufunguzi, yeye na wenzake wote wa kwaya. Tena kaniita mwanangu. Tangu nioe, jina langu katika nyumba hii ni "huyo".

Studio yangu iko kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Taa zangu, pazia langu jeupe, kistuli cha wateja, vyote vinaishi kwa hisani yake. Akiiona picha ile, kistuli kitatupwa barabarani, na mimi nitakuwa nimekikalia.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kuomba picha yangu nirudishiwe. Nikamwambia msimamizi nimegundua kasoro, rimoti imetoka na ukungu. Akasema ukungu huo ndio roho ya picha. Nikasema mwanamke yule ananitisha. Akasema hata yeye mwanamke huyo anamtisha, ndiyo sababu kaichagua.

Mmoja wa wale wavaa skafu, nimemwita Skafu, alikuwepo, anajifanya kunyoosha fremu yake. Huyu ni mpiga picha mwenzangu, ila yeye hapigi watu, anapiga ngazi tupu. Kapewa ukuta unaotazamana na mlango. Mimi nimewekwa kona ya nyuma kabisa, jirani na mtungi wa kuzimia moto. Akanipa pole. Pole yenyewe ilikuwa na meno.

Hata hivyo nimeambulia kitu. Nimemsikia msimamizi akimweleza kwamba picha ikinunuliwa hubandikwa kitone chekundu pembeni. Moyo ukaruka. Mtu akinunua kitu si anafungiwa anaondoka nacho?

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya kazi safi. Nimenunua vibandiko vyekundu duka la vifaa vya shule, nikaingia jumbani kama mtu anayekagua picha yake, nikabandika kimoja, nikatoka. Kufikia kesho "Mapumziko" itakuwa imefungwa kwenye karatasi stoo. Mama mkwe atakuta ukuta mtupu, nami nitamwambia kwa unyenyekevu kwamba imegombaniwa.

Mke wangu kauliza mbona napiga mluzi. Nikasema sanaa hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu wangu! Nafika, picha ya kwanza kuiona mlangoni ni mama mkwe! Kapewa ukuta wa mbele na taa yake peke yake. Msimamizi kanipa mkono wa pongezi. Kumbe picha iliyouzwa haiondolewi mpaka maonyesho yafungwe, ndivyo yafanyavyo majumba yote, na yangu, ambayo kila mmoja pale anadhani mwenzake ndiye kaiuza, ikiwa imepata mnunuzi kabla hata ya ufunguzi, inastahili kupokea wageni. Ngazi ya Skafu imehamishiwa kwa mtungi wa moto. Nakiri, kwa dakika moja nilisahau shida zangu.

Kisha kwaya ikaingia. Nikaikinga picha kwa mwili wangu, mikono nimeitandaza. Skafu, kwa adabu zake zote, akaniomba nisogee wageni waone. Mama mkwe akasimama. Akaangalia. Nikaanza kuhesabu vitu vyangu vya studio kichwani.

Akacheka! Akawaambia wenzake wamtazame dada yake mkubwa, ndivyo anavyolala, miaka yote anamwambia afunge mdomo hasikii. Wanakwaya wakatazama sakafu. Mmoja alipaliwa na juisi. Mke wangu alinitupia jicho ambalo nalifahamu vizuri. Lakini mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Nikatoka nje, nikakaa ukingoni mwa barabara, nikahema kama mtu aliyetolewa majini. Nimepona!

Jumamosi, 8 Juni

Sikupona. Mama mkwe kaja studio na kufunga mlango. Kasema yeye si kipofu, kiatu chake anakijua. Mbele ya kwaya nzima nilitaka aseme nini? Nikakaa kwenye kistuli mwenyewe.

Halafu akasema kuna binti asiyemjua kabisa, alisimama mbele ya ile picha akalia, akasema amemkumbuka mama yake. Akasema pia kwamba tangu baba wa watoto wake afariki, hakuna mtu aliyemtazama yeye kwa muda mrefu vile. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.

Studio nibaki nayo. Sharti moja tu: nikimpiga tena, awe amejiandaa, nywele zimetengenezwa, macho wazi. Nikaapa. Nimelala mchana kutwa, usingizi mtamu kuliko wa kwenye picha.

Jumamosi, 15 Juni

Msimamizi anataka picha nyingine, kwa maonyesho yanayoitwa "Mama". Mama mkwe kakubali upesi. Kaja studio na msusi wake, poda, hereni, vazi la harusi za watu. Nimempiga asubuhi nzima. Zote zimetoka kama za pasipoti! Uso umekaza, anangoja mhuri.

Halafu msusi akavuta mahali pabaya. Mama mkwe akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, chanuo kinaning'inia, kidole kimeelekezwa kwenye pua ya msusi, anamwambia hata mbuzi hunyolewa kwa heshima. Nikabonyeza.

Ah! Picha ya maisha yangu. Nimeshaituma. Mama mkwe nimemwonyesha moja ya zile za kama pasipoti, kaipenda sana, anaalika kwaya upya. Sina wasiwasi wowote. Sharti lilikuwa macho yawe wazi, na macho yako wazi, tena yanawaka.