Kibanda cha Sikukuu cha Kudumu

Kwa niaba ya Baraza la Mji Mdogo wa Namwiri, lililo kati ya Kitale na Bungoma, nina heshima kuutangazia umma kwamba Oktoba 2006 tuliikomboa Sikukuu ya Vibanda kutoka mikononi mwa wenyewe. Mimi ni Naibu Karani, Idara ya Usanifu. Idara ina mtu mmoja, kwa hiyo sina mpinzani.

Wenyewe walikuwa familia moja ya Wayahudi: Mzee Kizito, aliyevuka mpaka wa Suam zamani akitokea upande wa Mbale, na binti yake Roselyne, muuza nyanya. Kila mwaka mahindi yakishavunwa hujenga kibanda cha mabua, wakala humo siku saba kukumbuka babu zao walivyotangatanga jangwani. Kuta mbili na nusu. Paa la mabua, na lazima nyota zionekane. Mvua ikinyesha, inanyeshea ugali. Nawauliza, huo ni ustaarabu?

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Bramwel, alisoma gazetini kwamba ng'ambo wasanifu hushindana kubuni vibanda hivyo kwa mtindo wa kisasa. Akaunda kamati papo hapo. Tulikaa vikao tisa, vinane vikiwa na chai na mandazi.

Kibanda chetu kilisimama kando ya barabara kuu, mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Msingi wa zege. Ukuta uliopungua tuliukamilisha, kwani ni wazi fundi wa kwanza aliishiwa matofali. Tukatia mlango wa chuma na kufuli. Paa ni mabati yasiyovuja, na kwa kuheshimu mila tukapaka darini nyota kumi na mbili za rangi ya fedha. Mheshimiwa akaagiza daftarini kiandikwe: jengo la kudumu.

Alhamisi tulikwenda kumwamuru Roselyne abomoe chake, kilichokuwa shambani kwake, hatua thelathini nyuma ya chetu.

"Mama, hii kitu inaaibisha mradi," Mheshimiwa alisema. "Hamieni kwetu."

"Mheshimiwa, huko kwenu nyota hazionekani."

"Si tumepaka? Zetu zinaonekana hata mchana, bana!"

Roselyne hakucheka. "Baba ako na miaka themanini na tatu. Daktari amesema tusitegemee Oktoba ingine. Kesho jua likitua anataka kukaa chini ya mabua, na atakaa. Kama ni kubomoa, leteni notisi ya kuandikwa."

Mzee alikuwa ndani akinyoosha mabua, moja moja. Niliona haya, nikataka kusema neno. Lakini nina watoto wanne na kazi moja, nikatoa kalamu.

Notisi niliiandika mwenyewe. Sheria yetu ndogo inataka jengo la muda lipewe siku kumi na nne. Roselyne aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Asante sana, karani," akasema. "Sisi hubomoa wenyewe baada ya saba."

Mheshimiwa alinitazama kama mtu aliyekanyaga mavi ya ng'ombe.

Ijumaa jioni, tukiwa na makasi tayari kukata utepe, watu wa Wizara ya Barabara walitokea Nairobi na tingatinga. Walipima kutoka katikati ya lami, wakachora X nyekundu kwenye ukuta wetu mpya. Mhandisi wao, mama mmoja mfupi aitwaye Nyaruai, akafungua daftari.

"Hii ni ya muda ama ya kudumu?"

"Ya kudumu!" Mheshimiwa alijibu kwa fahari, kabla sijawahi kumkanyaga mguu.

"Pole basi. Ya muda tungewapa wiki mbili mhamishe. Ya kudumu kwenye ardhi ya barabara inaanguka leo."

"Ati leo? Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Jina lako nimelisoma hapo ukutani."

Dakika kumi zilitosha. Nyota zote kumi na mbili zililala mtaroni. Manyunyu yakaanza, wageni wa heshima wakatawanyika, na dereva wa baraza akatoweka na gari. Mheshimiwa alibaki kwenye kifusi na suti yake, makasi mkononi.

Jua lilikuwa limetua. Mzee Kizito, ameketi mezani chini ya mabua yake, alimwona, akasogeza kiti na kumpungia mkono.

"Ingia ule, mwanangu," akamwambia. "Sikukuu hii ni ya watu wasio na nyumba."