Mwewe na Kitabu cha Gwiji

Jumatatu, 3 Machi
Mama mwenye nyumba amegonga tena. Nikajifanya sipo. Akasema kupitia tundu la kitasa kwamba anasikia nikipumua, na Ijumaa anabadilisha kitasa. Mwandishi wa kujitegemea hana mshahara, ana hadhi. Hadhi hailipi kodi.

Neema imeshuka! Mhariri wa gazeti kapiga simu. Anataka uhakiki mkali wa riwaya mpya ya Gwiji, kwa jina la bandia. Gwiji na mimi ni chanda na pete. Kila anachoandika hunipa mimi kwanza nikisome, na chai hulipa yeye. Nikakataa katakata. Mhariri akaongeza dau. Nikakubali.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika asubuhi nzima. Kitabu chenyewe Gwiji alinipa juzi, bado kimo kwenye karatasi ya zawadi. Kukifungua ni kupoteza muda, mswada niliusoma mwaka jana. Sura ya tisa, ile ya mazishi ya ng'ombe, nimeichambua mpaka mifupa. Nikasaini "Mwewe". Najiona mwovu. Ila sentensi zimetoka tamu kweli.

Jumatano, 5 Machi
Uhakiki umetoka. Gwiji kaja mbio, gazeti mkononi. Akauliza ni nani huyu Mwewe asiye na haya. Nikasema walimwengu wana husuda. Akasema mwandishi hajitetei, hutetewa na rafiki. Basi nimjibu Mwewe, naye atanilipa. Nikasema baina yetu hakuna malipo. Akasisitiza. Sikupenda kumvunjia heshima.

Alhamisi, 6 Machi
Utetezi umetoka, kwa jina langu halisi. Nimemtandika Mwewe vibaya! Mhariri anachekelea, gazeti limeuzika, anataka Mwewe ajibu mapigo. Mwewe kajibu kwamba mtetezi ni chawa tu, hana hata kitabu kimoja, anaishi kwa chai ya wenzake. Imeniuma sana. Hakuna aliyewahi kunisema hivyo! Nilitaka kupunguza ukali, lakini wanalipa kwa neno.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mwenye nyumba kalipwa. Akazikagua noti moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

Mchana Gwiji akaja. Nilitarajia pole kwa matusi ya Mwewe. Akauliza, taratibu, kama nimesoma kitabu chake. Nikasema mara mbili. Akasema mazishi ya ng'ombe hayamo. Aliyaondoa kabla ya kuchapa, kwa ushauri wangu mwenyewe. Walioisoma sura ile ni watu wawili duniani, na yeye si Mwewe.

Kumbe alijua tangu Jumatano! Nikamuuliza mbona basi alinilipa. Akasema alijua nina shida, na alitaka kunipa nafasi ya kukiri bila kuulizwa. Akaondoka bila kufunga mlango. Nimelia kama mtoto. Rafiki mwingine sina.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekata shauri. Nitamwomba Gwiji radhi hadharani, bila kujificha. Urafiki hauna bei.

Nimempigia mhariri. Yeye ameupa bei, tena nzuri. Nimeandika kwa machozi ya kweli, nikasaini jina langu. Mhariri kasema imemgusa moyo, itatoka Jumatatu. Akauliza kama Mwewe atakuwa na lolote la kusema Jumanne.

Nikamwambia Mwewe haiamini radhi ile hata kidogo, na anahitaji ukurasa mzima.