Bolti Iliyogoma Makole

Fredy, fundi pikipiki wa Makole, hakuwa mwizi. Tusimchafue mtu, jamani. Alikuwa anabadilisha tu. Ukimletea pikipiki yenye shokapu nzuri, atakwambia bolti imegoma, nenda kanywe chai. Ukirudi, umeshafungiwa shokapu mbovu zilizong'arishwa, na unamshukuru juu. Kwa mdomo ule angemuuzia mfugaji maziwa.

Asubuhi hiyo mama mmoja wa Mkonze, Generosa, alifika akisukuma pikipiki kuukuu. Lakini shokapu za nyuma! Mpya, zinawaka. Fredy akameza mate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bolti ya shokapu imegoma. Mafundi wote wameshindwa."

"Hao mafundi wa mikokoteni, mama. Niachie mimi. Wewe kanywe chai."

"Nimefunga Kwaresma. Nitasubiri hapa hapa," akasema, akavuta kigoda, akizitazama shokapu zilizotundikwa ukutani.

Sasa, kumvua mtu shokapu huku anakutazama ni utovu wa adabu. Fredy akambembeleza akatembee kidogo. Mama akasema miguu inamuuma. Mwishowe tamaa ikamzidi Fredy. Akatoa ufunguo wa pikipiki yake nyekundu, ambayo hata mama yake mzazi hajawahi kuazimwa.

"Basi chukua hii ukasalimie ndugu. Unajua kuendesha?"

"Kidogo tu, mwanangu."

Mama akakata kona amelala ubavu, vumbi likabaki hewani.

Fredy akaivaa bolti. Spana ikateleza. Akamwagia dizeli, akapasha moto kwa gesi, akagonga nyundo, akatukana, akamwomba Mungu msamaha, akatukana tena. Jua lilikuwa utosini bolti ilipokubali. Akazifungua shokapu akicheka peke yake, akaibonyeza moja. Ikanywea, haikurudi. Kung'aa kote kule ni rangi ya kupuliza! Akafungua injini ya ile pikipiki kuukuu: gamba tupu.

Akapiga namba aliyoachiwa na mama.

"Mama, pikipiki yangu iko wapi?"

"Bolti imetoka?"

"Imetoka!"

"Pole na kazi, baba. Tuliikamatisha kwa gundi ya chuma ili ikucheleweshe kidogo."

"Nakwenda polisi! Sasa hivi!"

"Nenda, mwanangu. Ila kwanza anua hizo shokapu za watu ulizotundika ukutani. Ile jozi ya karibu na mlango ni ya mume wangu."