Bibi Harusi wa Droo ya Chini

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi sina hata kazi ya kunichosha nipumzike. Tangu asubuhi nimekaa kwenye chumba changu cha mapambo hapa Nyabiyonza, Karagwe, mlango wazi, kioo nimekifuta mara tatu. Aliyeingia ni kuku wa mwenye nyumba peke yake. Ng'ambo ya barabara, kwa Nusra, wamepanga foleni.

Nusra ndiye mshindani wangu. Babu yake alitoka Tanga akafungua duka la kanga, yeye kaongeza vipodozi. Wanawake wanaingia kwake wamechoka, wanatoka kama watu waliolala vizuri, na ukiwatazama huoni poda iko wapi. Anauita uso laini wa kila siku. Mimi nikipamba mtu, poda inaonekana toka kijiwe cha bodaboda. Mwezi uliopita mke wa mwinjilisti aliniuliza kwa upole kama nilisomea kupaka nyumba rangi. Nilimwombea.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 19 Benitha, binti pekee wa mwenye nyumba wangu Mzee Kahigi, anaagwa kwenda kuolewa Kibingo, kule Kyerwa. Nusu ya Kyerwa itakuwa hapa. Atakayempamba Benitha ndiye atakayepamba kila bibi harusi baada yake. Shangazi yake, Bibi Anatolia, keshasema kazi ni ya Nusra. Na mzee kadokeza kwamba chumba kikiendelea kukaa bila watu, atakijaza magunia ya kahawa.

Lazima nipate uso.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata uso.

Mzee Kahigi amekwenda Chonyonyo kwa kaka yake, mambo ya ukoo, harudi hadi siku ya sherehe. Akiondoka alirudia neno lake la siku zote: kabati la zamani lililomo chumbani nilitumie, ila droo ya chini nisiiguse. Mtu akikwambia hivyo mara nne, kakuomba uifungue. Nimeifungua kwa mpini wa kijiko.

Ndani kulikuwa na gazeti lililogeuka njano, kitenge kilichokunjwa, na chini kabisa picha. Uso wa mwanamke tu, umekatwa kwa mkasi pande zote. Kijana. Hakuna jina. Mashavuni kote kumezungukwa na lesi nyeupe, kwa hiyo ni bibi harusi na hiyo ni shela. Macho kayainamisha kwa haya. Nimepamba watu miaka sita, sijawahi kuona ngozi iliyotulia namna ile. Haina jasho. Haina mkunjo. Poda ipo na haipo. Mdomo una rangi ambayo hata Nusra hana dukani, hudhurungi inayoelekea zambarau. Na kwenye matundu ya pua kuna weupe kidogo. Huo weupe nimeutazama sana. Nadhani ndio mtindo wa mjini wa kuing'arisha pua.

Nimekaa naye mchana kutwa. Kuna mara moja nilidhani kainua kope. Alikuwa nzi.

Nimembandika kwenye pembe ya kioo.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimejaribu kwa jirani yangu Kemirembe, muuza maandazi. Bure. Poda nimeichanganya na unga wa muhogo iache kung'aa. Mdomo nimeupa hudhurungi, zambarau, na majivu ya jikoni kiasi cha ncha ya kijiti. Weupe puani sikuusahau. Mwisho nikamwambia ainamishe macho.

Imetoka! Kemirembe ana uso wa duara na wa kwenye picha ni mrefu, lakini nilipomaliza sikumwona tena Kemirembe. Alijitazama kwenye kioo akanyamaza, mtu ambaye hanyamazi hata kanisani. Halafu akasema usoni anahisi baridi. Nikamwambia hapo ndipo ubora ulipo.

Alipokwenda kwake nilisimama mlangoni nione watu watasemaje. Wanawake waliokuwa wakilima kwenye kibanja, shamba la migomba la jirani, walimwona, wakaweka majembe chini, mmoja baada ya mwingine. Huku kwetu jembe huwekwa chini kukiwa na msiba, lakini naona siku hizi hata uzuri unapewa heshima hiyo. Kijana wa bodaboda akavua kofia. Nusra alitoka dukani akamtazama Kemirembe mpaka akapotea kwenye migomba, kisha akanitazama mimi. Wivu haufichiki.

Ijumaa, 11 Julai

Mume wa Kemirembe kaja na malalamiko. Anasema jana mkewe alijilaza saa nane mchana na poda yake usoni. Wakamwita, wakamtikisa, wapi. Alikuwa kanyooka chali, mikono kifuani, na yeye siku zote hulala kajikunja. Kaamka saa kumi na moja kaomba uji. Nilimwambia uso ukitulia na mwili hutulia, ashukuru.

Kinachoniudhi ni simu. Nilimpiga Kemirembe picha kumi na mbili za matangazo na kwenye zote kafumba macho. Nakumbuka vizuri alikuwa kayafumbua, tulikuwa tunamsengenya Nusra. Simu imeharibika.

Jumapili, 13 Julai

Habari zimeenea. Wanawake watatu wa kwaya wamekuja kupambwa kabla ya ibada, nikawapa wote uso uleule. Wakakaa mstari wa mbele. Mchungaji alipaswa kutangaza ndoa ya Benitha. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akawaona, akaanza ibada ya mazishi. Alikwenda sentensi mbili nzima ndipo akakohoa na kuomba radhi. Kazi nyingi huchosha akili.

Nje ya kanisa Bibi Anatolia alinishika kiwiko. Nikampa shikamoo, akaitika huku anatazama kwingine. Akaniuliza nani kanifundisha kuwatia pamba puani watu walio hai. Nikamweleza kwa heshima kwamba si pamba, ni mng'aro. Akasema kawaosha na kuwavika marehemu wa kijiji hiki miaka arobaini, pamba anaijua. Nikamshukuru kwa ushauri. Kila mtu anajua yuko upande wa Nusra.

Lakini niseme kweli, niliporudi chumbani nilimgeuza yule wa kwenye kioo atazame ukutani. Kwa muda tu. Nilikuwa nabadilisha nguo.

Jumatano, 16 Julai

Benitha kaja mwenyewe. Binti wa miaka ishirini, mpole, kalelewa na shangazi kwa sababu mama yake alifariki siku aliyomzaa. Alikuja kuniomba nisikasirike kwamba kazi kapewa Nusra. Alikuwa anaanza kunieleza vizuri, kwa adabu zake, ndipo akaiona picha.

Alisimama pale mpaka chai yangu ikafurika jikoni. Akauliza ni nani. Nikamjibu ni bibi harusi wa Dar es Salaam, mteja wangu wa zamani. Uongo mdogo, haukumwumiza mtu. Akasema hajui kwa nini, lakini siku ya kuagwa anautaka uso huo na si mwingine. Akaigusa kwa kidole, polepole sana, penye shavu.

Tumepanga aje alfajiri kabla shangazi hajaamka. Atajifunika mtandio mpaka wakati wa kuonyeshwa wageni. Nusra akija na mkoba wake akute kazi imekwisha.

Nimeshinda! Nimejipikia ndizi na nyama, nikala peke yangu. Yule wa kwenye kioo alikuwa ananitazama nikila. Hapana, macho kayainamisha. Nimehakikisha mara mbili.

Jumamosi, 19 Julai



Alfajiri kazi ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Kwa Kemirembe nilihangaika saa mbili. Kwa Benitha kila nilipopeleka brashi palikuwa tayari: nyusi tayari, taya tayari, kidevu tayari. Nilipaka poda, mdomo, weupe wa puani, basi. Nikatazama kioo nikawaona wawili, mmoja kwenye picha mmoja kwenye kiti, na kwa kitambo kidogo sikujua nilikuwa nimempamba yupi.

Saa saba mchana turubai lilijaa. Kamugisha, bwana harusi, kakaa na watu wake wa Kibingo. Vikapu vya kahawa ya kutafuna vinazunguka. Mzee Kahigi karudi toka Chonyonyo, kavaa koti na kofia. Nusra naye yupo, mgeni kama wageni wengine, mkoba wake mapajani. Benitha akaingizwa kwa nyimbo, na Bibi Anatolia akamfunua mtandio.

Ngoma ikakatika. Bibi Anatolia aliuachia mtandio ukaanguka. Vikongwe wakaanza kushuka kwenye viti na kukaa chini, mmoja, wawili, mstari mzima. Halafu mmoja akapiga ukunga wa msiba, na wengine wakaupokea. Vijana hawakujua wanamlilia nani, nao wakalia. Shangazi wa Kamugisha akachukua mkoba wake akawaambia wenzake kwa Kinyambo kwamba wao walikuja kuchukua bibi harusi, hawakuja kuzika.

Mzee Kahigi hakulia. Alivua kofia akaenda taratibu mpaka mbele ya bintiye. Akamwita Costansia. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeongea na mkewe jikoni, kwa nini watu wamemtoa nje tena.

Costansia ni mama yake Benitha.

Bibi Anatolia alinigeukia akanieleza mbele ya watu wote. Costansia hakuwahi kupigwa picha maishani. Ile moja alipigwa siku ya kuzikwa, kabla jeneza halijafunikwa. Baadaye Kahigi alichukua mkasi akalikata jeneza kwenye picha, akabakiza uso, ili siku moja amwonyeshe mtoto mama aliyelala tu. Miaka ishirini kashindwa kuitoa kwenye droo. Ile lesi ni ya jeneza. Ile pamba ni pamba.

Nikasema mwanga wa picha ulikuwa hafifu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikaogopa pia, kwa sababu Benitha alikuwa kasimama katikati ya kilio kile kafumba macho, hatingishiki.

Nusra aliinuka. Alimshika Benitha mkono akampeleka ndani, akamfuta kwa mafuta ya nazi na maji ya vuguvugu. Robo saa. Akampa wanja kidogo, rangi kidogo mdomoni, akamtoa. Alikuwa Benitha, macho yamevimba, pua nyekundu. Nusra akampeleka moja kwa moja kwa shangazi wa Kamugisha akamwomba amguse shavu. Yule mama aligusa, akaacha mkono pale muda mrefu. Akasema lina joto. Akaweka mkoba chini.

Ndoa ipo. Jumamosi ijayo, Kibingo.

Ila tuseme haki: poda haikuonekana.

Jumapili, 20 Julai

Mzee Kahigi alikuja asubuhi akakaa kizingitini kwangu. Nilimpa picha kwa mikono miwili nikapiga magoti. Niliomba msamaha na safari hii sikuongeza neno. Akaifuta kwa kiganja. Akasema chumba nikiache mwisho wa mwezi. Alikaa kidogo zaidi, akasema kwamba jana kwa dakika moja alifurahi, na hilo ndilo linalomtisha. Akaondoka.

Nimelia. Kioo bila ile picha ni kikubwa mno.

Jumatatu, 21 Julai

Benitha kaja saa nne, picha ya mama yake mkononi. Baba kampa. Akafunga mlango. Akaniomba nimpambe vilevile mara moja ya mwisho, bila wageni, bila pamba. Macho wazi. Alisema picha haimtazami, anataka kuona mama yake akimtazama.

Sikutaka, naapa. Nikampamba. Nilipomaliza nikajisogeza pembeni.

Nilitarajia atalia. Alijiweka sawa kwenye kiti, akatazama kioo, akasema shikamoo, mama. Kisha akangoja, kama mtu anavyongoja kuitikiwa. Nyumba ilikuwa kimya, hata kuku. Na mimi niliyekuwa nimesimama pale na sponji mkononi niliona mdomo wa kwenye kioo ukisogea, na wa Benitha ulikuwa umefungwa. Labda nilipepesa macho.

Akamweleza habari za Kamugisha, kwa kifupi. Kwamba ni mtu mwema, ana migomba yake, pombe hanywi sana. Akamwambia atampa mtoto wa kwanza jina lake. Halafu akanawa mwenyewe kwa sabuni, akanikumbatia, akaenda. Hakuwa na hofu yoyote. Mimi nikakaa chini sakafuni.

Nikakaa. Nikawaza.

Karagwe na Kyerwa, nyumba ipi haina mtu wa kumsalimia? Na siku hizi picha ziko kwenye kila simu. Mtu analeta picha ya marehemu wake, anakaa kwenye kiti, nampamba, wanasalimiana kwenye kioo, ananawa, anakwenda zake shambani. Nusra huduma hiyo hana. Zimebaki siku kumi kabla ya kuhama, zinatosha kabisa. Nimeandika tangazo kwenye boksi la sabuni nikalitundika mlangoni saa sita.

Saa saba kaja Eliud, fundi baiskeli, anauliza kama wanaume wanakubaliwa. Anamtaka baba yake. Nimemwambia aje kesho saa tatu. Marehemu alikuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani. Kemirembe ana mbuzi mweupe. Asubuhi nitakwenda kumwomba manyoya kidogo, au nitakwenda kabla hajaamka.