Mawimbi ya Kichwa cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimepokonywa ufunguo! Ufunguo wa karakana yangu mwenyewe, ninamotengeneza redio tangu binti yangu hajaota meno. Na aliyenipokonya ni binti huyohuyo. Nilidhani ananitania. Hatanii.

Kosa lenyewe: niliacha chuma cha kulehemu kwenye umeme nikaja nyumbani kula. Meza imetoboka, pazia limeungua nusu. Nimemweleza kwamba hakuna fundi asiyeunguza meza. Akasema hii ni mara ya tatu. Ya tatu! Mimi naikumbuka hii tu. Nikamtazama mke wangu anitetee. Mke wangu akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Sasa natakiwa hospitali. Kuna daktari anachunguza ubongo wa wazee wakiwa usingizini. Unabandikwa nyaya kichwani, unalala, mtambo unachora mawimbi. Majibu yakiwa mazuri, ufunguo unarudi. Yakiwa mabaya, karakana anapewa shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwaka mzima anatafuta chumba cha kufundishia watoto masomo ya ziada.

Jioni nimepita pale kuangalia kwa nje. Nimemkuta anapima mlango kwa futi kamba. Hata haya hakuona. Akanisalimia vizuri tu, akaniomba nimshikie upande wa pili. Nimeshika! Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Daktari ni mwanamke mpole, rika la binti yangu. Anasema tukilala ubongo haulali ng'o. Unabaki kazini, unapanga mambo ya mchana, kila kitu kabatini kwake. Usingizi ukizama, mawimbi yanakuwa makubwa na ya taratibu, na juu yake inapita mitetemo mifupi ya haraka. Kwa baadhi ya wazee wanaoanza kusahausahau, hayo yote hufifia.

Nimemwelewa kuliko alivyotegemea. Stesheni inashika vibaya. Nikamshauri wafunge kikuza mawimbi, nimejitolea kukitengeneza. Akaandika kitu kwenye faili langu. Binti yangu akanikanyaga mguu.

Halafu mshtuko. Daktari anahitaji na wazee wazima, wa kulinganishia. Binti yangu akasema anaye mmoja. Nikajua ni nani kabla hajamtaja. Chumba kimoja, usiku mmoja, mimi kitanda hiki na yeye kile! Shemeji amekubali swali likiwa bado mdomoni mwa mtu. Anataka tu kuonekana anavyofaulu.

Nimenuna njia nzima. Tulipofika nyumbani nikaanza kucheka peke yangu jikoni, mke wangu akauliza nimekula nini. Sijamwambia. Shemeji husahau nini? Anakumbuka shati nililovaa siku ya harusi yangu, na kwamba lilikuwa la kuazima, na la nani. Kichwa kile kina mawimbi ya kumwaga. Na mimi ni fundi redio. Waya ni waya.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya mazoezi ya kulala. Sebuleni, mchana kweupe. Mke wangu anasema nimekoroma mpaka jirani akabisha hodi. Nimemwambia hizo ndizo dalili za mtambo wenye nguvu. Akasema mtambo wenye nguvu uende ukalalie chumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi asubuhi hii, kichwa kizima gundi. Mpango umefana!

Nianze mwanzo. Nesi alitubandika nyaya wote wawili, shemeji akimhesabia moja moja kama wanafunzi wa zamu. Nyaya za kila mmoja zinaishia kwenye plagi moja nene, na plagi inaingia kwenye kisanduku. Visanduku viwili, vimekaa juu ya meza kati ya vitanda, cha kushoto changu, cha kulia chake. Nilipoviona nilitaka kuimba. Hata mtoto angeweza.

Kabla ya kulala nesi akatusomea maneno ya kukumbuka hadi asubuhi. Ngazi, kofia, limau, daraja, mengine kadhaa. Kisha taa. Kilichobaki kinawaka ni kidude kidogo darini, chenye taa nyekundu, cha kuhisi moshi bila shaka. Kimefungwa ovyo, skrubu imelegea. Nilitamani bisibisi yangu.

Shemeji alipoanza kukoroma nikanyoosha mikono. Chomoa, chomoa, pishanisha, chomeka. Kwisha! Mtambo wenyewe haukukohoa. Mawimbi ya mwalimu wa hesabu yakaanza kumiminika kwenye kisanduku changu, nami nikavuta shuka.

Malalamiko yangu kwa hospitali ile ni mengi. Mto mwembamba kama gazeti. Nesi anatafuna bazoka. Na mafundi wao ni wa ajabu! Nilipoamka kwenda chooni nikakuta plagi zimechomekwa kinyume, ya kushoto iko kulia, ya kulia iko kushoto. Hospitali kubwa vile! Nikazirudisha kila moja mahali pake, kimyakimya, sikutaka kumwaibisha mtu. Fundi ni fundi hata akiwa amevaa pajama.

Asubuhi shemeji akayataja maneno yote kwa mpangilio, akauliza kama hakuna mengine. Mimi nikayataja karibu yote, na sufuria. Nesi akasema sufuria haikuwemo. Nimebishana naye sana. Ilikuwemo.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kutoka hospitali sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika hivyohivyo.

Daktari alituita sote. Mimi, mke wangu, binti, na shemeji akiwa amevaa tai. Akaanza na shemeji: mawimbi mazuri kabisa, usingizi wa kijana. Nikatabasamu kwa adabu. Nilijua sifa zile zilikuwa za kichwa changu, lakini nikamwachia. Kisha akanigeukia. Akasema mawimbi yangu ni dhaifu. Akasema usingizi peke yake hauamui kitu, ila ukiujumlisha na maswali aliyoniuliza siku ile ya kwanza, na yale maneno, na mambo ya nyumbani, anaona nina upungufu mdogo wa kumbukumbu. Mdogo, akarudia. Si ukichaa, wala si mwisho wa mambo. Bado najimudu, ila nahitaji mtu wa kunitupia jicho.

Nusura nianguke kwenye kiti. Siyo kwa ajili yangu! Mawimbi yale si yangu. Mawimbi yale ni ya shemeji! Shemeji ndiye mgonjwa, na amekaa pale na tai yake, hana habari!

Binti yangu alilia ukumbini. Mke wangu alinishika mkono, kitu ambacho hafanyi mbele ya watu. Shemeji hakucheka. Hakutaja karakana hata mara moja. Alimbebea binti yangu mkoba mpaka nje. Nikamtazama kwa nyuma anavyotembea na moyo ukaniuma. Maskini, ndiyo maana anapimapima milango.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua kumtunza kwa siri. Asubuhi nimemwendea, nikamwamkia polepole, neno moja moja, ili ayashike. Akaniuliza kama meno yananiuma. Nikamshika kiwiko tulipovuka barabara. Akajinasua. Nikamshika tena. Dukani nikamnong'oneza muuzaji kwamba mzee huyu aangaliwe anaporudishiwa chenji. Shemeji alisikia. Hajaongea nami tangu hapo.

Jioni nimemwandikia karatasi nikaibandika kwenye kopo lake la sukari: SUKARI. Nyingine kwenye chumvi. Dada yake, yaani mke wangu, kaniuliza tangu lini nimekuwa na upendo na kaka yake. Nikamjibu kwamba watu hubadilika. Akanigusa paji la uso kama nina homa.

Ijumaa, 14 Machi

Sina raha. Nikinyamaza, karakana inakwenda, na shemeji anaendelea kufundisha watoto hesabu huku kichwa chake kinavuja. Nikisema, nimejivua nguo mbele ya familia nzima.

Na kuna jambo lingine, ambalo huwa silitaji. Baba mkwe hakunitaka. Alisema binti yake hataolewa na mchezea nyaya. Shemeji ndiye aliyesimama sebuleni kwao, kijana mdogo wa chuo cha ualimu, akasema wamwache dada yake na fundi wake. Nikikumbuka hilo najisikia vibaya. Ndiyo maana kwa kawaida namkumbuka anapopima mlango.

Jumatatu inayokuja nitasema. Nimeogopa, lakini nitasema. Na nikishasema, ufunguo nao utarudi. Nimeliona hilo pia, sikatai.

Jumatatu, 17 Machi

Mama yangu wee!

Tulikwenda wote, mimi nimewaita. Nikasimama. Nikakiri kwamba niliwahadaa, nilipishanisha plagi, mawimbi mabovu ni ya shemeji, na kwamba nampa pole na nitamuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Nilisema vizuri. Sauti ilikatika mahali pazuri. Mke wangu akafunika uso.

Daktari hakushangaa. Hicho ndicho kilichonishtua kwanza. Akageuza kompyuta yake tuione. Kile kidude cha darini hakihisi moshi. Ni kamera! Inaona hata gizani!

Nikajiona. Mzee ana nyaya kichwani mithili ya ufagio, ananyoosha mikono, anapishanisha plagi, anavuta shuka huku anacheka. Binti yangu akasema, "Baba!" Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyowaambia. Daktari akasema nisubiri, akasogeza picha mbele kidogo. Yule mzee akaamka. Akasimama mezani. Akatikisa kichwa, akasonya kwa sauti, akauliza ni mjinga gani kafunga mitambo namna hii. Akazirudisha plagi kila moja mahali pake! Kisha akachomoa yake tu, akaenda nayo chooni akiwa amejaa fahari, akarudi akaichomeka palepale.

Karibu usiku wote mawimbi yangu yaliingia kwenye kisanduku changu. Kile kipande kidogo kilichopishana walikuwa wamekwishakipanga upya siku ileile. Mawimbi dhaifu ni yangu.

Hakuna aliyecheka. Ningependa mtu acheke. Nimesoma tena kurasa za nyuma za kitabu hiki na nimeona niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba nilizirudisha. Nimeandika na sikuona! Nimekaa na hilo mchana kutwa. Nimeogopa kweli. Mtu anapofungua redio akakuta ubovu anashukuru, maana ameuona. Mimi nimeuona na sijui bisibisi inaingilia wapi.

Tulipotoka, barabarani, nikahisi mkono kwenye kiwiko changu. Shemeji. Nikajinasua. Akanishika tena.

Alhamisi, 20 Machi

Ufunguo umerudi! Lakini uko mfukoni mwa shemeji. Ni mpango wa binti yangu na daktari. Shemeji anafundisha watoto wake upande mmoja wa karakana, mimi natengeneza redio upande wa pili. Nikiondoka anachomoa chuma cha kulehemu. Mimi naruhusiwa kumwambia anapokosea hesabu. Hajakosea bado, navizia.

Nimeambiwa nilale mapema, nitembee, nisikae peke yangu. Kuhusu kukaa peke yangu, na watoto wale wanaoimba jedwali la saba, sina wasiwasi.

Leo shemeji kabandika karatasi kwenye kopo langu la skrubu: SKRUBU. Ameandika kwa chaki ya ubaoni, mwandiko wa kuringa. Nimeiacha.

Jumapili, 23 Machi

Wazo! Limenijia leo nikiwa natembea, kumbe kutembea kunasaidia.

Daktari anataka tulale tena kule baada ya miezi michache, wote wawili, aone kama kuna mabadiliko. Vizuri sana. Nimetafakari kosa langu la safari ile na nimelipata. Kosa langu ni kwamba sikuweka alama! Fundi gani anapishanisha waya bila kuweka alama? Safari hii naingia na rangi ya kucha ya mke wangu. Napishanisha, kisha napaka kitone chekundu kwenye kila plagi. Nikiamka usiku nikaona kitone, najua hizi ziko sawa, usiguse. Mawimbi ya mwalimu kwangu mpaka asubuhi! Ufunguo mfukoni mwangu! Hakuna pa kukosea.

Na kwa usalama zaidi nimemweleza shemeji mpango mzima, hatua kwa hatua, ili nikisahau anikumbushe.

Amenisikiliza mpaka mwisho, chaki mkononi. Ameuliza kitu kimoja tu: na kamera je?

Nikamuuliza kamera gani.

Akaiweka chaki mezani. Nikadhani atanicheka, au atakimbilia kwa dada yake. Akasema hapana, basi, alikuwa anafikiria jambo jingine, mpango ni mzuri sana. Kisha akaenda kuchomoa chuma changu cha kulehemu, akarudi na chai.

Maskini shemeji. Anaanza kuchanganya mambo. Kesho nitamwambia binti amtupie jicho.