Kuhusu Mdogo Wako Kobina na Diodi Zake

Kwa Egya Kwamena Essuman,
Mkuu wa Ukoo,
Saltpond.

Shemeji mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa na akili timamu, na nimeshakula. Nalisema hilo mapema kwa sababu ukoo wenu ukipokea malalamiko ya mke, huanza kwa kuuliza kama amekula.

Lalamiko langu linamhusu mdogo wako Kobina, mume wangu wa ndoa, mpiga gitaa kwenye misiba hapa Takoradi. Hanywi. Hanipigi. Mwanamke mwingine hana, na laiti angekuwa naye, maana ningejua nimfuate wapi. Kobina ana diodi.

Diodi, shemeji, ni kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye miguu miwili ya waya. Kinakaa ndani ya pedali, kile kisanduku cha chuma anachokikanyaga ili gitaa lake likwaruze. Ukitoa diodi ya aina moja, tuseme ya silikoni, ukatia ya aina nyingine, tuseme ya gerimani, mkwaruzo nao hubadilika. Ndivyo asemavyo yeye. Nikimuuliza anatafuta mkwaruzo gani, hujibu, "Nitaujua nikiusikia."

Madhara yake ni haya:

1. Masikio yangu. Hunikalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya spika, akapiga kidogo. "Hiyo ni silikoni. Umeisikia?" Nimeisikia. Anageuka, ananipa mgongo, moshi wa kulehemu unapanda, kisha anapiga tena vilevile. "Na hii ni gerimani. Ipi tamu?" Jumamosi moja sufuria yangu ya banku ilikuwa inaungua jikoni, nikasema, "Ya pili, baba. Ina upole." Akanitazama kama hakimu. "Sijabadilisha kitu, Araba. Nilikuwa napima uaminifu wako." Nimehukumiwa kwa uongo ndani ya ndoa yangu, kwa jambo ambalo halikutokea!

2. Nyumba. Chaja ya simu yangu ina diodi. Au niseme, ilikuwa nazo. Pasi ilikuwa na kitaa chekundu cha kuonyesha kuwa ina moto. Sasa tunajua ina moto kwa kuigusa. Nililalamika, akaniambia, "Lakini inapata moto, si inapata?" Inapata, shemeji. Angalia mkono wangu.

3. Mama yangu mzazi, Maame Ekua, ana picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, yenye taa nyekundu ndani ya moyo. Imewaka kando ya kitanda chake tangu sijaolewa. Kobina alikwenda kumsalimia, akampelekea na samaki, nami nikamsifu mbele ya majirani. Kumbe taa ile nayo ni diodi, na mkwe mwema alikuwa akiikodolea macho tangu alipoketi. Mama alipoamka kutoka usingizi wa mchana, moyo wa Yesu ulikuwa umezimika. Akajua ameitwa mbinguni.

Tulikusanyika kwake wote, wengine kutoka Tarkwa, wengine kutoka Cape Coast. Mama akaanza kugawa vitambaa vyake. Dada yangu Efua akapewa cha buluu, mimi cha kijani. Nikauliza kwa nini si mimi nipewe cha buluu. Mama, aliyekuwa hawezi hata kumeza uji, akaketi wima. "Kwa sababu mumeo ni mwanamuziki. Utakiuza." Leo mama ni mzima, anakula kuliko mimi, na anadai vitambaa vyake, lakini Efua amekataa kurudisha.

Nikamkabili Kobina. "Umemwibia mama?"

"Sikuiba, nilibadilisha. Nimemwekea nyingine."

"Mbona haiwaki?"

"Hiyo si ya kuwaka. Lakini ni nzuri zaidi."

4. Hili linakuhusu wewe. Bendi ilialikwa Shama kwenye mazishi ya Mzee Ackon, mfanyabiashara wa mbao, nami nikafuatana nao. Katikati ya wimbo na wimbo Kobina aliona diodi haimridhishi. Soketi ya umeme ilikuwa karibu na jeneza, basi akapiga magoti palepale, akainamisha kichwa, akaanza kulehemu. Moshi ukamwingia machoni. Machozi yakamtiririka.

Mjane akamwona. "Huyu anayelia hivi ni nani kwa mume wangu?"

"Ni mpiga gitaa," akajibiwa.

"Mpiga gitaa hulia namna hii?"

Mashangazi wakaitazama pua ya Kobina, kisha wakaitazama picha ya marehemu. Zinafanana kidogo, siwezi kukataa. Mmoja akamwinamia akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni damu ya Ackon?" Kobina hakuinua hata kichwa. "Ngoja kwanza nisikie."

Wakachukulia kuwa ni marehemu ndiye anayesikilizwa. Kufikia wakati wa chakula ukoo ule ulikuwa umegawanyika: nusu wanataka kumfukuza, nusu wanamwita kaka. Mzee mmoja akanifuata kwenye foleni ya wali. "Binti, mama mkwe wako aliwahi kufanya biashara huku Shama?" Nikajibu kweli: aliwahi, aliuza nguo. Yule mzee akatikisa kichwa taratibu, akaondoka bila kuchukua nyama.

Shemeji, masikio yangu ungeweza kuyapuuza. Anayezungumzwa Shama sasa ni mama yenu.

Kwa hiyo naomba kikao cha ukoo kiketi, Kobina achague diodi moja na aapishwe kwayo. Akishindwa, mumrudishe kwenu Saltpond, yeye na pedali yake. Gitaa libaki kwangu, kwa kuwa ndilo linalotulisha.

Msalimie Auntie Adwoa, mwambie unga wake wa mihogo ulifika salama na ni laini. Wasalimie watoto, mpangaji wenu wa nyumba ya nyuma, na yule katekista anayenicheka.

Ni mimi, ambaye bado nina adabu,
Araba Essuman.

Baada ya kutia sahihi: Barua hii ilikaa mkobani ikisubiri mtu wa kuja huko. Leo mchana nilikuwa uani namenya mihogo, Kobina yuko ndani anapiga. Kisu kikasimama mkononi mwangu. Shemeji, sijui nilieleze vipi. Gitaa lilikuwa kama mtu mzima aliyetaka kulia, akaamua kucheka. Jirani yetu anayetutukana kwa kelele alizima televisheni yake akatoka nje. Niliingia mbio na muhogo mkononi. "Kobina, usiiguse! Iache hivyohivyo!" Akaanza kulia, na safari hii hapakuwa na moshi.

Kisha sauti ikakatika. Diodi ilikuwa ya gerimani, ya kioo, kuukuu. Joto la kulehemu lilikuwa limeipasua. Tangu hapo amekaa sakafuni. Anasema tu kwamba zinazofanana na ile hazipatikani ila ndani ya redio za zamani, kama ile kubwa ya mbao iliyoko sebuleni kwako, unayosikilizia matangazo ya vifo.

Kikao kiahirishwe. Ijumaa nitakuja mwenyewe, kukusalimu tu. Usisumbuke kutafuta bisibisi, ninayo.